Kesi ya Msichana wa Kodiani

Watu wa mtaa wa Mangobo hawakwenda ukumbini kwa Assumani kutazama filamu, walikwenda kumsikiliza Feruzi. Filamu hata kwenye simu utaiona, ukiwa na subira na chaji. Lakini nyumbani kwako nani atakutolea sauti ya bibi kizee, ya polisi, ya mbwa na ya bwana harusi mlevi, zote kwa koo moja, kwa Kiswahili kilichotiwa Kilingala ndani yake mpaka wazungu wa kwenye filamu wanaonekana wamezaliwa Kisangani? Feruzi alikaa na kipaza sauti chake pembeni mwa skrini, nyuma ya pazia la kitenge, na ukumbi mzima ulicheka pale alipotaka ucheke.

Pazia lile lilikuwa na sababu yake. Macho ya Feruzi yalikuwa yamekufa. Yalianza kwa ukungu, ukungu ukawa ukuta, na sasa alitambua mchana na usiku, basi. Nyuma ya pazia alikaa binti yake Kadidja, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari, akisoma maandishi ya Kifaransa yanayopita chini ya picha na kumnong'oneza baba yake sikioni, sentensi kwa sentensi. Feruzi alipokea mnong'ono, akauvika nguo, akautupa ukumbini. Siri hiyo aliijua Assumani peke yake, mwenye ukumbi, na aliitunza vizuri; wengine, wakimwona njiani ameshika bega la binti yake, walidhani ni uzee tu. Nani angetoka nyumbani kwake kumsikiliza kipofu akisimulia picha?

Jumapili moja mchana, Kadidja aliingia nyuma ya pazia na siri yake mwenyewe. Alikuwa na mimba.

Aliyempa mimba aliitwa Djuma, kijana wa Simi-Simi, anayetengeneza simu na kuahidi mambo. Tangu aambiwe habari, simu aliyoshindwa kabisa kuitengeneza ni yake mwenyewe, haikupatikana tena. Katika mkoba wa Kadidja mlikuwa na vitu viwili ambavyo hakutaka mtu avione. Kimoja kilikuwa mabele, ule udongo mweupe wanaoutafuna wajawazito, umefungwa kwenye kitambaa. Cha pili kilikuwa chupa ndogo ya maji ya mizizi aliyopewa na mama mmoja sokoni. Mama yule hakumweleza mengi. Alimwambia tu anywe yote kwa mara moja na asimwite mtu akianza kuumwa. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyokuwa yakimnyima Kadidja usingizi.

Basi kwa nini asiseme nyumbani? Kwa sababu ya Sara.

Sara alikuwa dada yake mkubwa. Alipopata mimba, Feruzi alifanya kama desturi inavyotaka. Wakubwa hawangoji. Humfungashia msichana beseni na mkeka, humpeleka mchana kweupe mpaka mlangoni kwa kina kijana, husema, "Mulichoharibu ni hiki, mukitengeneze," kisha hurudi bila kugeuka nyuma. Kijana wa Sara kwao ni Bengamisa, na Feruzi alimpeleka huko kwa lori. Sara alirudi kwa lori vilevile, amefunikwa kitenge, kwa sababu uchungu ulimshika usiku na watu wa nyumba ile wakaona hakuna haraka. Baada ya matanga mama yao alichukua sanduku lake akaenda Kindu kwa ndugu zake, na hajarudi. Feruzi tangu siku ile hajatamka jina la Sara. Alizidisha vichekesho.

Ndiyo maana Kadidja alimwogopa baba yake, baba ambaye hajawahi kumpiga hata kofi.

Filamu ya siku hiyo aliichagua Kadidja mwenyewe. Assumani alimpa flashi yenye filamu nyingi amtafutie ya Jumapili, naye akatafuta mpaka akapata hii. Alijua wazi anachokitaka. Kwa Assumani filamu ikiisha hukatwa kesi. Watazamaji huwahukumu watu wa filamu, kila mtu na neno lake, na Feruzi ndiye hakimu wa mwisho. Kadidja alitaka kuisikia hukumu ya baba yake juu ya msichana mwenye mimba, maadamu msichana mwenyewe ni mzungu na hayupo. Hukumu ikiwa nzuri, atasema. Ikiwa mbaya, chupa ipo.

Filamu yenyewe ilikuwa ya ajabu. Nchi ya theluji, msichana mwembamba wa shule, miwani mikubwa. Kapata mimba, na ili kulificha tumbo kanunua kodiani kuukuu, kile kinanda cha kukunja na kukunjua kifuani, kwa muuza takataka, na tangu hapo haivui. Yuko darasani na kodiani. Yuko kanisani na kodiani. Anajua wimbo mmoja tu na anaukosea palepale kila mara, na bata wa jirani akiusikia anamfuata. Baba yake ni fundi wa saa, mtu mrefu mwenye huzuni, anayezisemesha saa zake kama watoto.

"Filamu gani hii?" mtu alilalamika. "Hata kofi moja hakuna!"

"Unyamaze," akajibiwa. "Ngoja tuone bata."

Kadidja alinong'ona na Feruzi akapamba. Bata alipewa sauti ya chifu wa mtaa anayedai heshima yake, na ukumbi ukavunjika mbavu. Kicheko kile kilimchoma Kadidja. Kila walipolicheka tumbo la yule msichana, mkono wake ulienda wenyewe tumboni kwake.

Ikafika sehemu aliyokuwa akiingoja na kuiogopa tangu asubuhi. Msichana amesimama mlangoni pa chumba cha saa, kodiani kifuani. Baba ameinama juu ya kazi yake. Maandishi yakapita chini. Kadidja akasogeza mdomo sikioni kwa baba yake.

"Papa, niko na mimba."

Feruzi akatoa kisauti chembamba cha puani: "Papaaa, niko na mimbaaa!" Watu wakapiga makofi, wakapiga miguu chini. Fundi wa saa akainua uso, akafungua mdomo ajibu, na umeme ukakatika.

Giza lilikuja na joto lake. Milango ilifunguliwa kidogo, miale ya jua ikaingia na vumbi. "Muvumilie," Assumani alisema, "ni huko kwa bwawa ya Tshopo, mashine zao za stima zimechoka. Na groupe yangu ya stima haina mafuta."

"Alors tukate kesi sasa!" sauti ikapendekeza. "Tuone nani atapatia. Baba yake atasema nini?"

Wazo likapendwa. Kadidja akashikilia mkoba wake kwa mikono miwili.

Aliyeanza ni mzee Mohamadi, fundi viatu, mtu wa mstari wa mbele. "Mi nasema hivi. Akimuchekea ule mutoto, amekwisha. Kesho wadogo wake wote watakuja na kodiani. Mutoto anapelekwa kwa kijana leo leo, na asirudi."

"Ndiyo!" wakaitikia wengi.

"Mais non, papa," alisema Franck, mwanafunzi wa sheria, mtu asiyekosa neno. "Mutoto wa miaka kumi na sita, sheria iko inamulinda. Mwenye kosa ni kijana."

"Sheria itamubebea beseni kichwani?" Mohamadi akauliza, na Franck akazamishwa na vicheko.

"Mi iko napenda kodiani," mwingine akasema. "Kama binti yangu angeficha na akili vile, ningemupiga, lakini kwanza ningecheka."

Wakacheka tena. Kadidja aliyasikia yote kama mtu anayesikia kaburi lake likichimbwa huku wachimbaji wakiimba. Ajabu ni kwamba hawakuwa watu wabaya. Mzee Mohamadi alimtengenezea viatu vya shule bila kumsumbua, na wengine walilia kwenye matanga ya Sara mpaka sauti zikawakauka.

Ndipo akasikika mama Georgette, anayeuza kwanga, mikate ya muhogo, pale mlangoni, na ambaye huingia bure kwa kuwa hakuna wa kumzuia. "Muko munacheka tumbo. Mi tangu mwanzo naangalia mugongo ya ule mutoto. Kile kitu ni kizito. Anakibeba peke yake tangu asubuhi mpaka magaribi, na nyumba nzima hakuna mutu anauliza, unabeba nini? Baba yake anasikia saa zote za dunia, mutoto wake hamusikii. Donc, kesi ni ya baba."

Kukawa na manung'uniko. Halafu mtu wa nyuma, ambaye giza lilimpa ujasiri, akasema, "Tumuulize papa Feruzi! Yeye anajua hii maneno. Alipelekaka mutoto wake Bengamisa."

Watu waliokuwa wakijipepea waliacha.

Kadidja hakuthubutu kugeuka. Alisikia pumzi ya baba yake ikiingia na kukaa, haitoki. Aliogopa, aliogopa kuliko siku alipojua ana mimba. Laiti asingeichagua filamu hii! Amekwenda kuchokonoa kidonda cha mzee wake mbele za watu, na nia yake ilikuwa kujiokoa tu.

"Tungojee stima," Feruzi akasema hatimaye, bila kipaza sauti. "Baba ya mutoto ndiye atajibu. Si mimi."

Umeme ukarudi. Assumani, kwa wema wake, akairudisha filamu nyuma kidogo ili mtu asipoteze kitu. Msichana akasimama tena mlangoni, kodiani kifuani. Maandishi yakapita.

Kadidja akafungua mdomo, sauti ikakataa.

"Sema," Feruzi akanong'ona.

"Papa," alisema Kadidja, na machozi yakaanza, "niko na mimba."

Safari hii Feruzi hakutafuta sauti ya puani. Aliyasema maneno kwa sauti ya kawaida, polepole, na hakuna aliyecheka. Kwenye skrini fundi wa saa akainua uso. Akamtazama binti yake muda mrefu. Akasema maneno mawili.

"Anasema nini?" Feruzi akauliza.

"Anasema: 'Ulisha kula?'"

Mkono wa Feruzi ukamkamata kifundo cha mkono. "Soma vizuri."

"Ndivyo imeandikwa, papa. 'Ulisha kula?'"

"Kadidja. Usinidanganye."

"Sikudanganyi."

Ukumbi ulikuwa unangoja. "Papa Feruzi, sema basi!" Feruzi akainua kipaza sauti, na Kadidja akauona uso wa baba yake ukijifunga kama mlango. Ilitoka sauti nzito, ngumu, sauti ambayo Kadidja aliwahi kuisikia mara moja tu, uani kwao, siku ya Sara.

"Chukua beseni yako na mukeka. Kesho asubuhi nakupeleka kwao."

Makofi yakalipuka. "Voilà!" akapaza Mohamadi. "Nilisema! Mzungu huyu ni mutu mwenye akili!"

Basi, imekwisha, Kadidja akajiambia. Hukumu aliyoitaka ndiyo hiyo, na wala haikumtoka mzungu. Alipapasa ndani ya mkoba mpaka vidole vikagusa chupa. Alipanga atasema anakwenda nyuma kujisaidia. Nyuma ya ukumbi kuna ukuta wenye kivuli, na siku ya Jumapili mtu hapiti.

Lakini filamu haimngoji mtu. Kwenye skrini fundi wa saa alikuwa ameweka kando vyombo vyake vya kazi. Akaenda jikoni. Akatoa kikaangio. Akavunja yai, akavunja la pili, akavuta kiti, na kwa mikono yake mirefu akamvua binti yake ile kodiani, taratibu, akaiweka sakafuni. Msichana akakaa, akaanza kula na kulia kwa pamoja.

Makofi yakafa moja moja.

"Eh! Papa Feruzi! Alisema abebe beseni, mbona iko anapika mayai?"

"Beseni iko wapi? Mi naona sahani!"

"Leo unatudanganya, mzee!"

Miluzi ikaanza. Haikuwahi kutokea watu wa Mangobo kumpigia Feruzi miluzi.

"Kweli anapika?" Feruzi akamuuliza chinichini.

"Anapika, papa. Mayai mawili. Kamuvua kodiani."

Feruzi akasimama. Akalipapasa pazia mpaka akapata pindo lake, akalivuta lote. Ukumbi mzima ukamwona, na ukamwona Kadidja kando yake, uso umelowa. Assumani kule mlangoni akashika kichwa.

"Hamukudanganywa na mutoto," Feruzi akasema. "Mi sioni. Macho ilikufa siku mingi, huyu ndiye ananisomea. Alinisomea muzuri. Ule baba aliuliza mutoto wake, ulisha kula? Mi niliogopa kusema vile. Nilisema yangu."

Hapakuwa na mluzi tena. Kadidja, kwa kuona macho yote yale, akaupandisha mkoba juu ya mapaja akaukumbatia, na mama Georgette akauangalia ule mkoba kwa muda, akamwangalia na mwenyewe, kisha akageuza macho kwenye skrini.

"Bon, endelea, papa," alisema mama yule. "Utuambie ya mayai."

Feruzi akaendelea mpaka mwisho, bila pazia. Kadidja alinong'ona mbele ya watu wote, na watu walicheka pale pa kucheka, kwa sauti ya chini. Filamu ilipoisha wakadai haki yao. "Hukumu! Hakimu, utoe hukumu!"

"Ya leo," Feruzi alijibu, "nitaikatia nyumbani."

Wakacheka wakitoka. Kadidja peke yake hakucheka.

Walirudi kwa miguu kama siku zote, yeye mbele hatua moja, mkono wa baba begani. Jua lilikuwa bado kali. Waendesha toleka walipita na abiria nyuma ya baiskeli zao, wakimsalimu Feruzi, naye akiitikia kwa mkono bila kusema. Hilo nalo lilikuwa baya. Feruzi na ukimya hawakuwa wakijuana.

Wakafika njia panda. Kushoto barabara inakwenda Simi-Simi, kulia inakwenda kwao. Kadidja akaanza kukata kulia, lakini mkono wa begani ukamzuia.

"Kwao ni wapi?" Feruzi akauliza.

"Kwao nani, papa?"

"Kijana."

"Papa..."

"Kila siku ya Mungu unaweka mudomo kwa sikio yangu. Unafikiri mi nasikia maneno tu? Harufu ya mabele naijua. Sara alikuwa anakula ileile." Alilitamka jina, na ikawa kazi kwake kuendelea. "Alikuwa anajificha nyuma ya nyumba, anatafuna. Mi nilinusa, nikanyamaza, nikabeba beseni. Kwao kijana ni wapi?"

Uongo ungesaidia nini sasa? "Simi-Simi," Kadidja akasema.

Feruzi akageuza uso wake kushoto, kana kwamba anaiona barabara yote mpaka mwisho wake. Akasimama hivyo. Vidole vyake vilimkaza Kadidja bega mpaka likamuuma. Kadidja alipofikiria beseni, aliliona ni lile la bluu, lenye ufa ukingoni, ambalo halikurudi na Sara. Alifikiri atembee mwenyewe tu, aende, yaishe. Kisha akagundua kitu alichokuwa hajakiona kwa sababu ya hofu yake mwenyewe. Mkono ule ulikuwa unatetemeka. Baba yake alikuwa anaogopa vilevile.

"Kwa mufuko yako iko chupa," Feruzi akasema. "Tangu tumetoka inagonga funguo. Ni ya kunywa?"

"Ndiyo, papa."

"Ulikunywa?"

"Bado."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Feruzi akashusha pumzi ndefu, mpaka mwili wake ukainama. "Mwaga. Nisikie inamwagika."

Kadidja akaifungua kwa vidole vizito, akaipindua. Maji meusi yakadondoka juu ya udongo mwekundu, na baba yake akainamisha kichwa akisikiliza mpaka tone la mwisho. Kisha ule mkono begani ukasukuma. Ulisukuma kulia.

"Kama kina kijana wanataka kuzungumza, njia wanaijua. Waje na mikeka yao wenyewe. Mi sipeleki tena mutu."

Wakatembea. Kadidja alilia kwa sauti barabarani, mtu mzima, na wapita njia wakageuka. Feruzi akamwacha alie. Walipokaribia kwao ndipo akauliza, kwa sauti ambayo haikuwa ya bata wala ya polisi wala ya mzungu wa saa.

"Nyumbani mayai iko?"

"Iko, papa. Mawili."

"Basi," Feruzi akasema, "yote mawili ni yako."